Kanga ya Mlangoni

Jamani, kaeni vizuri, maana hili hamtaliamini, lakini kwa Siwatu lilitokea kweli.

Kila asubuhi serikali inatuma meseji. Ukiambiwa "penda", unatundika kanga ya kijani mlangoni, maana leo nyumba yako inaipenda Nchi Kubwa. Ukiambiwa "kasirika", unatundika nyekundu, maana leo nyumba yako imeikasirikia. Nusu ya mtaa huku, nusu kule, basi kanchi ketu kanaishi bila kugombana na Nchi Kubwa wala na maadui zake. Saa nne ndege za Nchi Kubwa zinapita kupiga picha. Nyumba isiyo na kanga inafungwa papo hapo, haingii mtu wala hatoki mtu.

Sasa siku ya harusi ya Riziki, binti wa Siwatu, pilau liko jikoni, simu ikalia. Siwatu akasoma, akasoma tena.

"Baba Riziki, hebu soma wewe. Eti 'leo chagueni wenyewe.'"

"Acha utani, mke wangu."

"Utani, na bwana harusi yuko njiani?"

Mumewe akakuna kichwa. "Kwani sisi tunaipenda au hatuipendi?"

"Nijuaje mimi? Miaka tisa naambiwa!"

Akachungulia nje. Majirani wote wamesimama milangoni na kanga mbilimbili mikononi, wanatazamana, kila mtu anamsubiri mwenzake aanze. Ndege zikaanza kunguruma kwa mbali.

Siwatu akainua ya kijani, akaishusha. Akainua nyekundu, nayo akaishusha. Ndani Riziki anaita, "Mama, wameshafika?"

Ungekuwa wewe, ungetundika ipi?