Sababu Mbili Tu

Kisheria, presha ilikuwa na sababu mbili tu: chumvi au hasira. Bangili aliyovishwa kila mtu ilipima, ofisi ya afya ikachagua sababu. Mwanaidi aliandikiwa chumvi, kwa hiyo nyumba nzima ikanyang'anywa chumvi. Presha haikushuka. Kwa miaka sita mumewe, Kombo, alikula mchuzi chapwa huku akimtazama kwa jicho la pembeni, na majirani wakaapa kwamba anaramba kwa siri.

Hakuwahi kuramba hata punje.

Leo alimwekea karani wa ofisi hiyo mezani picha aliyopigwa hospitalini. "Mwanangu, tazama. Mshipa unaopeleka damu kwenye figo umekuwa mwembamba. Figo inadhani mwili mzima umepungukiwa damu, ndiyo inapandisha presha. Daktari yuko tayari kuupanua, anangoja ruhusa yenu. Miaka sita mmenifanya mwizi ndani ya nyumba yangu."

"Pole, mama. Lakini figo haimo kwenye orodha."

"Basi iongezeni." Sauti yake ilipanda, na bangili ikalia.

Karani akaitazama bangili, akafuta chumvi, akaandika hasira.

Alipofika nyumbani, chumvi ilikuwa imesharudishwa. Kombo alikuwa akiikoroga kwenye mchuzi, uso umemkunjuka kama bwana harusi. Mwanaidi akafungua kinywa amweleze habari ya mshipa. Bangili ikalia tena.

"Nyamaza, mke wangu," Kombo alisema kwa upole. "Utatuletea watu wa ofisi."

Akaichukua ile picha ya figo mkononi mwa mkewe, akaitandika mezani, akaweka sufuria ya moto juu yake.