Kioo cha Kabati

Video ya kumsinga bibi harusi haihaririwi bila mwanamke wa nyumbani kuwapo. Ndiyo maana Bi Mwanakheri, mama wa bibi harusi, alikuwa amevuta kiti karibu na Zuwena mpiga picha. Kwenye kompyuta, wanawake walikuwa vichwa wazi, bibi harusi anasingwa, yaani anasuguliwa liwa ya kunukia mabegani. Chumba kile mwanamume hakanyagi.

Zuwena alikuwa akikata na kuunga vizuri tu, mpaka kamera ilipopita kwenye kioo cha kabati. Ndani ya kioo, pembeni mwa pazia la mlango, palikuwa na nusu ya uso. Kamera yake mpya haifichi hata kinyweleo. Ilionyesha jicho, ikaonyesha na kovu la kidevuni. Kovu lile alilijua kwa vidole vyake. Siku ile ya kusinga Shekue, mumewe, alimbebea taa za kupigia picha hadi mlangoni, akaapa kwamba aliondoka papo hapo.

Alikifuta kipande kile haraka, akaiamuru kompyuta itoe video nzima. Mstari wa kijani ukaanza kujaa. Asilimia themanini. Tisini.

“Hebu simamisha, mwanangu,” Bi Mwanakheri akasema. “Mbona kwenye kioo umeruka? Pale ndipo nilipokuwa napiga vigelegele.”

“Palikuwa na ukungu, mama.”

“Ukungu gani? Rudisha, unikuzie nijione vizuri.”

Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaanza kuifuta taratibu kwa upindo wa kanga, lenzi moja, kisha ya pili.