Ndoo Zibaki Palepale

Sista Mkuu aliagiza ndoo zote zirudishwe mahali pake, chini ya paa linalovuja, na vioo vilivyopasuka visiguswe hata kwa kitambaa. Madawati mabovu yapangwe mbele, mazima yasukumwe nyuma. Mlango wa maabara, uliokuwa unaning'inia kwa bawaba moja, uachwe uning'inie.

"Mgeni aone mwenyewe," aliwaambia wasichana mstarini jioni ya Jumanne. "Na siku hiyo sitaki mtu wa kuchekacheka."

Wasichana wakajiuma midomo. Walimpenda Sista wao, mtawa mfupi mwenye mwendo wa haraka, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akihangaika kutafuta fedha za kuifanya shule hiyo ya jimbo katoliki iwe ya kisasa: maabara yenye maji ya bomba, bweni lisilovuja, chumba cha kompyuta. Alishaandaa matembezi ya hisani, akauza keki nje ya kanisa, akabisha hodi kwenye kila ofisi yenye zulia. Kilichopatikana kilitosha geti. Lilikuwa geti zuri kweli, la kijani, lakini watoto hawalali ndani ya geti.

Ndipo ikaja ile simu. Laini ilikuwa inakatikakatika, na karani aliambulia maneno machache tu: mgeni, Alhamisi, kuona majengo, uamuzi wa mwisho. Sista alifanya ishara ya msalaba. Wafadhili wamejibu, alisema, na hajaona bado mfadhili anayetoa pesa kwa shule inayopendeza.

Jumatano asubuhi akaenda mjini kukutana na kamati ya wazazi. Angelala huko huko, kwenye nyumba ya masista.

Hata gari halijapinda kona, dada mkuu wa wanafunzi alikuwa ameshawaita wenzake bwaloni. Alikuwa msichana mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Aliwaambia kwamba yeye anamheshimu Sista kama mama yake mzazi, ila kumkaribisha mgeni katikati ya ndoo hawezi. Uso ataficha wapi? Baadhi waliogopa. Walisema Sista akirudi patachimbika. Mpishi, aliyekuwa anasikiliza kwenye dirisha la kugawia chakula, akatoa kichwa na kuuliza kama watabishana mpaka saa ngapi, maana yeye mafagio anayo.

Basi kazi ikaanza. Mama wa msichana mmoja alikuwa fundi mwashi. Alipigiwa simu akaja na mwiko wake, na mabati yaliyobaki kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga. Alipanda juu ya paa mwenyewe, sketi ameifunga kiunoni. Baba wa mwingine, seremala, alikaa chini na madawati siku nzima, akiyagongelea misumari na kuyasema kama watoto watundu. Wasichana walisugua kuta, wakabadilisha vioo, wakapaka rangi iliyosalia ya geti kila ilipofika. Mlango wa maabara ukasimama wima, kijani kibichi. Mvua ilinyesha kidogo jioni ile, nao wakakaa bwenini wakitazama juu kwa furaha, wakisubiri tone ambalo halikudondoka.

Alhamisi, Sista alifika getini sambamba na mgeni. Mgeni alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mizito na viatu vya raba, asiyecheka. Swali lake la kwanza lilikuwa kiwanja kina upana gani, na la pili, barabara kuu iko umbali gani. Sista alifurahi kimoyomoyo. Huyu anajua kazi, aliwaza. Anataka kujua lori la saruji litapita wapi.

Akaanza kumtembeza kwa sauti ya msiba. "Hapa, mama, ndipo watoto wetu wanapolala," alisema, akafungua mlango wa bweni. Ndani palikuwa pakavu, vitanda vimetandikwa, na hapakuwa na ndoo hata moja. Kwenye maabara alifumba macho kabla ya kusukuma mlango, akayafumbua akakuta mambo ni yale yale. Madarasani wasichana walisimama kusalimu, wakajitahidi sana wasitabasamu, wakashindwa.

Mgeni aligusa kuta, akatazama dari. Sista alihesabu miaka yake mitatu ikiyeyuka.

Walipoketi ofisini kunywa chai, uvumilivu ulimwishia Sista. Alisema atakuwa mkweli: juzi tu shule ilikuwa hoi, mabinti wameiremba bila ruhusa yake, na asije mtu akadhani hawana shida.

"Najua," mgeni alijibu, akimwonyesha kiganja chenye rangi ya kijani. "Niitie aliyeanzisha haya."

Dada mkuu aliingia, akasimama karibu na mlango. Mgeni akamgeukia.

"Nani aliwatuma?"

"Hakuna, mama."

"Mlilipwa?"

"Hapana, mama. Ni kwetu tu."

Sista aliinamisha kichwa. Hasira yote ilikuwa imemtoka, na badala yake akajikuta anataka kumkumbatia yule mtoto, mfadhili aende zake. Alimwambia binti arudi darasani, wala asiogope, hakuna wa kumwadhibu.

Mgeni alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya kitambaa chake, akaivaa tena. Kisha akatoa simu mkobani na kupiga.

"Baba Askofu," alisema, "mwambie yule mnunuzi atafute kiwanja kingine. Hiki kina wenyewe."