Kiapo cha Shimoni

Zamani, simba alipokuwa bado anaogopwa, aliwafukuza mbwa mwitu mbugani, na ngiri ndiye aliyewaficha shimoni mwake. Humo gizani, wakiwa mifupa mitupu, waliapa: kwao mtoto atakula kwanza, na kila jambo litaamuliwa kwa kura ya kupiga chafya. Ngiri alikisikia kiapo, akalia kwa furaha.

Kiapo kiliwafaa. Watoto walishiba, wakakua, kundi likazaa makundi, hata simba akawa anawaomba ruhusa ya kunywa maji. Katika kila bonde walilolitwaa walisoma kiapo chao kwa sauti, na waliotekwa wakalazimishwa kushangilia.

Ukame ulipoingia, ngiri aliwaendea pamoja na mwanawe. Kiongozi wao sasa alikuwa Chakari, aliyezaliwa mle mle shimoni.

"Mwanangu Chakari," ngiri alisema, "walinzi wako wametufungia mto. Mliapa mtoto kwanza. Wangu huyu hapa, hana nguvu hata ya kulia."

Chakari alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu.

"Mama, kile kiapo hatujakibadilisha hata neno," alijibu kwa upole. "Haya jamani, tupige kura."

Kundi zima likapiga chafya. Ngiri naye akapiga yake kwa nguvu, akidhani wanaamua habari ya maji.

Kisha mbwa wakubwa wakarudi nyuma kwa adabu, wakawapisha watoto wao wawe wa kwanza kuwala ngiri na mwanawe.