Nguo za Modesti

Avelina alianza na mkono wa shati. Aliukata begani, akaupasua kwenye mshono, akaulaza kitandani upande wa ukutani, alikokuwa akilala mumewe Modesti. Upande ule sasa ulikuwa stoo.

Alipanga chumba kimoja pale Majengo, naye alikuwa mshonaji wa mablanketi ya viraka, yale mazito ambayo watu wa Sumbawanga huyakumbuka baridi ya Juni ikianza kuuma. Viroba vya vitambaa vilijaa uvunguni, vingine vilikalia kiti. Nguo za Modesti zilining'inia kwenye kamba katikati ya chumba, na kila alipokwenda mlangoni ilibidi azipige kikumbo.

Wiki nzima wanawake wa jumuiya walikuja kumpa pole. Walikosa pa kukaa, wakasali wima, wakaenda zao.

Kisha Cleophas, mdogo wake Modesti, akatuma ujumbe kutoka Kaoze: "Shemeji, Jumamosi nakuja na mama kuchukua nguo za kaka."

"Wape tu," alisema Edith, jirani wa mlango wa pili. "Nguo za mwanamume ni za kwao. Ukizitazama kila siku utaumwa."

"Nimezifua mimi miaka yote. Hazitoki humu."

Alikuwa na hasira, na mkasi ulikwenda vizuri kwa hasira. Mashati yakawa miraba. Suruali, kwa kuwa ni nzito, zikawa pindo. Kola zilimsumbua kidogo, akazipanga katikati kwa duara. Ijumaa kamba ilikuwa tupu, na Avelina akaweza kutembea chumbani mwake bila kukunja bega.

Jumamosi wakafika. Avelina akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wakakaa kitandani, maana hapakuwa na pengine.

"Shemeji," Cleophas akasema, "zile nguo."

"Mmezikalia."

Cleophas akainuka haraka. Akaona vishikizo, akaona mfuko wa shati, akajikuna kichwa. Mama mkwe yeye hakuinuka. Alikipapasa kiraka cha kahawia kwa kiganja, machozi yakamtoka.

"Tulifumue hili blanketi?" Cleophas aliuliza.

"Hakuna wa kulifumua," alisema mama yake. "Mwanangu amekuachia mzigo, Avelina. Hili ni lako."

Hapo Avelina akaangua kilio, mara ya kwanza tangu abaki peke yake. Uchungu ulimtoka wote. Hata Cleophas aligeukia ukutani.

Simu ya mama mkwe ikaita. Masikio yake ni mazito, hivyo Cleophas akamwekea spika.

"Mama," ilisema sauti ya Modesti, "mmezipata? Huku Kirando wakwe wapya wanakuja kuniona kesho, na hii suruali nimeazima."