Mtani Tuliyepewa na Serikali

Tangu Rais Machumu atuhamishie upande wa pili katikati ya vita, kila nyumba imepewa mtani mmoja kutoka jeshi lililokuwa linatupiga mabomu. Ni sheria: mnakula naye, mnatukanana, mnacheka. Sisi tumepewa Kalumba, na kusema kweli namkubali kinoma.

"Mama, huu ugali au tofali?"

"Kula huko, ngedere wee! Kwenu si mlikuwa mnakula nyasi?"

Baba hucheka mpaka anakohoa.

Leo mchana tukiwa mezani, redio ikasema Rais amefariki, na makamu wake kesho atatangaza tuko upande gani.

"Basi kesho nakuja na bunduki," Kalumba akatania. "Mama, ficha ugali!"

Akacheka peke yake.

Mama akamwongezea nyama. "Kula, mwanangu," akasema taratibu.

Hakumtukana. Hapo ndipo nikaogopa.