Hatujambo, Ila

Siku hizi kila nyumba ina sikio ukutani. Kukipambazuka linauliza, "Hamjambo humu?" Ukisema unaumwa, muuguzi anafika kabla chai haijapoa. Nilitumwa Rungwe kutathmini mradi huo, maana kuna kijiji ambacho hakikuwa na mgonjwa hata mmoja tangu masika, na wakubwa walitaka kukipa tuzo.

Nikafikia kwa Mama Ambwene. Asubuhi nilimsikia akikohoa jikoni mpaka akashika ukuta.

"Hamjambo humu?" sikio likauliza.

"Hatujambo," akajibu. Taa ya kijani ikawaka, sikio likalala. Naye akaendelea kuuambia ukuta, "Ila kifua kinanibana, baba, hata kulala siwezi."

"Mama, mbona umesema hatujambo?"

Akanitazama kana kwamba sikufunzwa kwetu. "Sasa mwanangu, nianze na kifua kabla ya salamu?"

Nikawapigia wakubwa simu na kugombana nao hadi wakakubali kubadilisha jambo moja tu: sikio likiambiwa "hatujambo", lisilale, lingoje "ila".

Wiki hiyo wauguzi hawakupata hata muda wa kuketi. Tuzo ikaenda kwingine, lakini Mama Ambwene alipata dawa, akalala fofofo.

Siku ya kuondoka, nilikuwa peke yangu sebuleni.

"Hujambo, mgeni?" sikio likauliza.

"Sijambo," nikasema, nikanyanyua begi.

Taa haikuwaka. Sikio lilikuwa linangoja.

Nikaliweka begi chini.